Mkate wa ufuta bila ufuta

Tangu tuzungumzie futari kwenye kipindi, swali lililoingia mara nyingi kuliko yote si la sambusa wala la uji. Ni hili: kuna mtoto ndani ya nyumba ana aleji ya ufuta, au ya mayai, au vyote viwili, na meza imejaa mikate. Tumfanyie nini? Mmoja kaandika kutoka Birmingham, mwengine yuko Muscat, mwengine Ohio na kamalizia ujumbe wake kwa alama saba za kuuliza. Nimezihesabu.

Basi safu ya leo ni ya mkate tu. Na nimeuchagua ule mgumu kuliko yote kuuondolea kitu, kwa sababu kitu chenyewe kimo kwenye jina lake.

Kwetu mwenye kesi ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka sita, anazungumza Kiswahili cha Coventry (yaani vitenzi vya bibi yake na lafudhi ya skuli), na hawezi kula ufuta wala mayai. Ramadhani iliyopita familia nzima tulikaa kwenye mkeka, sinia katikati, mchuzi wa kuku, mikate ya ufuta imefunikwa kwa kawa. Yeye pembeni na kiboksi chake, ndani mna mkate mweupe wa dukani. Akala vipande viwili halafu akamuuliza mama yake, "Kwa nini mimi kila siku nakula kama niko skuli?" Wifi yangu hakuwa na jibu. Na mie sikuwa nalo. Usalama tulikuwa nao, mtoto hakudhurika hata kidogo, lakini chakula cha kwao alikuwa anakiangalia tu.

Kwa hiyo kazi niliyojipa haikuwa kumpikia mkate wake maalumu. Mkate maalumu anao tayari, umo kwenye kiboksi. Kazi ilikuwa kupika mkate mmoja utakaowekwa katikati ya sinia, watu wote wakaumega, na asiwepo wa kusema "huu ni wa mtoto".

Kabla ya unga, tuzungumze maneno kidogo, kwa sababu maneno hapa yanaweza kumuumiza mtu.

Neno la kwanza ni mzio. Sisi wa huku tumezoea kusema "aleji", na wazee wengi wakisikia "aleji" wanaona ni jambo la Wazungu, maradhi ya watoto waliozaliwa kwenye baridi. "Zamani hayakuwepo haya." Umeshaisikia, usinambie hujaisikia. Lakini mzio ni neno lao wenyewe, na la zamani. Mzio wa mtu ni kile chakula ambacho hakili kwa sababu kinamdhuru au amekatazwa. Mtu husema, "Pweza ni mzio wangu," na hakuna anayemgombeza. Nilipoacha kumwambia Bibi kwamba mjukuu wake ana aleji na nikasema "Bibi, ufuta ni mzio wake," alinyamaza kidogo. Halafu akanihadithia habari za kaka yake, Mungu amrehemu, ambaye akila kamba midomo inavimba na macho yanafumba, na mama yao alikuwa akimpikia chungu chake mbali. Nikamwambia basi Bibi, ndiyo hiyo hiyo. Akasema, "Sasa mbona hamkusema mapema?" Miaka mitano tulikuwa tunasema!

Neno la pili ni ufuta wenyewe. Ukitoka Zanzibar au Tanzania bara unaujua kwa jina hilo. Lakini kwa Wakenya wengi na Waganda, kitu hicho hicho ni simsim. Kwenye maduka ya Waarabu utakuta tahini, na hiyo ni ufuta uliosagwa tu. Maduka ya Wahindi huandika "til". Hebu fikiria: mpo kwenye sherehe, unamuuliza mama mmoja, "Shikamoo mama, samahani, hii ina ufuta?" Anakujibu kwa moyo mweupe, "Marahaba mwanangu, hapana, hakuna ufuta," na kashata ni ya simsim kutoka mwanzo hadi mwisho. Hajakudanganya. Neno lako si neno lake. Kwa hiyo uliza kwa majina yote: ufuta, simsim, tahini. Hata kama unajiona unarudia rudia.

Na uliza vitu ambavyo hauonekani. Humus ina tahini. Zaatari ina ufuta ndani yake. Halua ile ya madukani iliyokatwa vipande, inayovunjikavunjika, ni ufuta. Halua yetu laini ya Kizanzibari na ya Oman ni ya wanga, sukari na samli, lakini wengine huirushia ufuta juu, na njugu au lozi ndani. Mafuta ya ufuta yasiyosafishwa yana protini yake, na protini ndiyo inayomdhuru mtu, kwa hiyo usidanganyike kwamba "ni mafuta tu". Moto nao hauondoi kitu. Ufuta uliokaangwa ni ufuta.

Kuna jambo linalowachanganya sana wazee, na kusema kweli linatuchanganya na sisi. Punje nzima ya ufuta ina ganda, na mara nyengine hupita tumboni bila kusagika vizuri. Ikisagwa ikawa tahini, protini yote imeachiwa. Ndiyo maana inawezekana mtoto akala kipande chenye punje mbili tatu na isitokee kitu, halafu siku nyengine kijiko cha humus kikampeleka hospitali. Shangazi aliyeona ile siku ya kwanza atakwambia, "Mbona juzi kala kwangu, hakufanywa kitu?" Sasa unalo jibu la kumpa, na la adabu.

Huku Uingereza sheria iko upande wetu kwa kiasi fulani. Ufuta ni mmoja kati ya vitu 14 ambavyo lazima vitajwe na vionekane wazi kwenye orodha ya viungo, kwa kawaida kwa herufi nzito. Mayai yamo, maziwa yamo, nafaka zenye gluteni zimo. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2021, hata sandwichi au mkate unaofungwa dukani hapo hapo kabla ya kuuzwa lazima uwe na orodha nzima ya viungo. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta uliochanganywa kwenye unga wenyewe. Juu ya mkate hauonekani, na lebo haikuutaja. Kila nikiona mtu anaukagua mkate kwa macho na kusema "huu hauna", namkumbuka huyo mtoto.

Msikilizaji wetu wa Ohio, kwenu mambo yamegeuka kwa njia ya ajabu, kwa hiyo soma hapa taratibu. Marekani iliutia ufuta kwenye orodha yake ya vizio vikubwa, ukawa wa tisa, kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Jambo zuri. Lakini baadhi ya viwanda vya mikate viliona kusafisha mashine zao mpaka zisibaki na ufuta ni kazi kubwa, vikaamua kuutia kwa makusudi, unga wa ufuta kidogo, halafu vikauandika kwenye lebo. Sheria inaruhusu. Mikate iliyokuwa salama miaka yote ikawa haiko salama tena. Kwa hiyo kama mama yako ananunua mkate ule ule tangu ulipokuwa mdogo, umwombe asome lebo leo, na wiki ijayo asome tena.

Lakini sheria yote hii, ya hapa na ya huko, haifiki kwenye sahani aliyoileta jirani. Ndiyo maana tunapika wenyewe.

Haya, jikoni.

Mkate wa ufuta wa kawaida unataka unga wa ngano, tui la nazi, hamira, chumvi, sukari kidogo, yai, na ufuta juu. Tunaondoa viwili. Watu wengi huogopa zaidi yai kuliko ufuta, lakini mie nakwambia yai ndilo jepesi. Kwenye mkate wenye hamira, kinachoushikilia mkate usimame ni gluteni ya ngano, si yai. Yai linaongeza rangi na ulaini. Ulaini tutaupata kwenye mafuta ya nazi yaliyomo ndani ya tui, na rangi tutaipata kwenye sukari na moto wa juu. Hakuna haja ya unga wa kitani, wala maji ya dengu, wala zile poda za kopo zinazouzwa kama badala ya yai. Weka pesa yako.

(Mkate wa mayai ni kesi nyengine. Ule ni mayai, sukari na unga, yai ndiyo nguzo, ndiyo paa na ndiyo msingi. Watu wanaojaribu kuupika bila mayai wananiletea picha, nami nawaambia mashaallah, lakini ile si mkate wa mayai. Muachieni.)

Vipimo vyangu ni hivi. Gramu 500 za unga wa ngano, ule mkali wa mkate. Gramu 7 za hamira kavu, yaani pakiti moja ndogo. Kijiko cha chai cha chumvi kilichojaa, kama gramu 8. Vijiko viwili vya chakula vya sukari. Kopo moja la tui zito la mililita 400, na maji ya uvuguvugu mililita 75 mpaka 100. Tumia mzani. Najua Bibi hapimi, anakwambia "tia mpaka uone umetosha". Yeye ana miaka sitini ya kuona, wewe una Jumamosi moja.

Unga nunua wa pakiti iliyofungwa, usinunue ule wa kuchota kwenye magunia ya wazi dukani, kwa sababu kikombe kilichochota ufuta asubuhi ndicho kitakachochota unga wako mchana. Kuhusu tui, nazi haimo kwenye ile orodha ya vitu 14 ya Uingereza, na Marekani nako, mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa iliiondoa kwenye hesabu ya njugu za mitini. Hiyo haina maana kwamba hakuna mtu mwenye mzio wa nazi. Wapo, ni wachache. Kama daktari hajakwambia lolote kuhusu nazi kwa mtoto wenu, muulize kwanza.

Pasha tui moto kidogo, ukitia kidole usisikie baridi wala joto. Likiwa la moto sana linaua hamira, na hapo utakaa unausubiri unga usioumuka mpaka Isha. Changanya vitu vikavu, mimina tui, anza na maji mililita 75. Unga utakuwa mlaini mno. Utashika vidole, utakutia hasira, utataka kuongeza unga. Usiongeze. Huu si unga wa chapati. Unapigwa ndani ya bakuli hilo hilo: ingiza mkono chini, uvute unga juu, uupige ukutani mwa bakuli, geuza bakuli, rudia. Dakika 8 mpaka 10. Utasikia mlio unabadilika, kutoka wa tope mpaka wa kofi, na unga utaanza kuvutika bila kukatika. Kama bado unasimama mgumu, tia yale maji yaliyobaki.

Funika uumuke mpaka uwe mara mbili. Zanzibar ni saa moja tu mezani. Coventry mwezi wa Januari mezani hapaumuki kitu, kwa hiyo mie naliweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu inawaka. Taa ile inatoa joto la kutosha. Saa moja na nusu hivi.

Sasa kikaangio. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatoa kikaangio chao kizuri kisichogandisha. Sisi tunataka kigandishe! Kwa asili mkate wa ufuta unapikwa kwenye chuma, chini unaiva kwa moto wa jiko, halafu chuma kinapinduliwa, uso wa mkate unaangalia makaa. Mkate haudondoki kwa sababu umeshikamana na chuma. Ukiwa na jiko la gesi unaweza kukipindua juu ya moto na ukajiona fundi. Sisi wenye majiko ya umeme tuna grili ya oveni, na inafanya kazi ile ile bila ushujaa. Tafuta kikaangio cha chuma chenye mkono wa chuma, si wa plastiki. Sentimita 22 hivi. Gawa unga mafungu manne.

Washa grili mapema iwe kali. Weka kikaangio jikoni moto wa kati. Tia maji kwenye kibakuli na chumvi kidogo, chovya mkono, nyunyiza kidogo kwenye chuma, halafu weka fungu moja la unga na ulitandaze kwa vidole vilivyolowa, unene wa kama sentimita moja. Acha dakika 3 au 4 mpaka uone vishimo vinatokea juu na pembeni pamekauka. Pakaza tui juu kwa kijiko. Tia chini ya grili dakika 3, na usiondoke hapo, usijibu simu. Ukishapata madoa ya hudhurungi, toa, pitisha kisu chini, uchomoe. Kipande kitakachong'ang'ania chumani ni haki ya mpishi.

Juu tunaweka nini badala ya ufuta? Hili lilinichukua majaribio mengi kuliko unga wenyewe. Ufuta una kazi mbili, harufu ya kukaangwa na kule kutafunika kidogo. Nilifikiria mbegu za popi, zinafanana sana, lakini mara nyingi zinafungashwa pamoja na ufuta na pakiti yenyewe inakuonya. Habasoda ni mmea mwengine kabisa na inapendeza, ila nayo inauzwa kwenye maduka yale yale yenye ufuta, kwa hiyo nunua iliyofungwa na isiyo na onyo. Mtoto hakuipenda lakini. Alisema ina ladha ya dawa ya bibi, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Kilichoshinda ni nazi. Nazi iliyokunwa, ikakaangwa kavu kwenye sufuria mpaka ikapata rangi ya chai ya maziwa, na iliki chembe. Harufu yake haijifanyi ufuta, ni harufu yake, na inakaa vizuri na tui lililomo ndani. Irushie nusu dakika ya mwisho chini ya grili, kwa sababu imeshakaangwa na inaungua haraka. Ukitumia nazi kavu ya pakiti, soma nyuma: nyengine imetiwa salfaiti ili ibaki nyeupe, na salfaiti imo kwenye orodha ya vitu 14.

Ukipenda kumalizia kwa samli, pakaza mkate ungali moto. Kwetu inawezekana kwa sababu mtoto hana mzio wa maziwa. Kwenye nyumba yenye mzio wa maziwa, samli ni maziwa, hata kama imechujwa ikawa kama dhahabu. Tumia mafuta ya nazi. Na mkisikia kwamba watoto wengine wenye mzio wa mayai au maziwa wanaweza kula vitu hivyo vikishaokwa ndani ya keki, ni kweli wapo, lakini hilo hujaribiwa kwa ngazi maalumu na kwa maelekezo ya daktari. Jikoni kwa shangazi si mahali pa majaribio hayo.

Usafi. Ufuta ni mdogo, mwepesi na mkaidi. Unaingia kwenye nyufa za ubao wa kukatia, kwenye nywele za brashi ya mafuta, kwenye chekecheo la unga, kwenye mfuko wa glavu za oveni. Tosta ndiyo mbaya kuliko vyote, maana huwezi kuiosha, kwa hiyo kwa kaka yangu kuna tosta mbili na ile ya mtoto imebandikwa dinosari. Vyombo vioshe kwa sabuni na maji ya moto. Mikono pia kwa sabuni na maji, kwa sababu ile jeli ya kusafishia mikono inaua vijidudu lakini haiondoi protini ya chakula. Na kama siku hiyo lazima upike na mikate ya ufuta wa kweli kwa wageni, upike wa mtoto kwanza, uufunike, uuweke kwengine kabisa, ndipo ufungue pakiti ya ufuta. Mie kwa mawazo yangu, siku hiyo usiufungue kabisa. Wageni wazima hawatakufa kwa kukosa ufuta futari moja.

Halafu kuna wazee na adabu. Hapa ndipo nyinyi wasikilizaji mnaponiandikia kwa uchungu, na nawaelewa. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mtu. "Onja tu mwanangu, kidogo hakitakudhuru." Mtoto wa miaka sita aliyefundishwa kuamkia na kubusu mikono ya wakubwa, atasemaje? Sisi tumemfundisha sentensi moja, akaikariri kama shairi la skuli: "Ahsante sana Bibi, ufuta na mayai ni mzio wangu, siwezi hata kidogo." Tumeweka "ahsante sana" mwanzo makusudi, ili mzee asikie shukrani kabla ya kusikia hapana. Na akilazimishwa anaruhusiwa kuondoka akamwita mtu mzima, bila kugombezwa baadaye. Hilo la mwisho ilibidi tukubaliane watu wazima wote, na lilichukua mazungumzo marefu kuliko la sentensi.

Mtu mzima mmoja kwenye kila shughuli anashika mfuko wa dawa. Huku Uingereza ushauri ni kuwa na sindano mbili za adrenalini muda wote, si moja. Mtoto akianza kukosa pumzi, sauti ikikwaruza, akilegea au ulimi ukivimba, piga sindano mara moja kwenye paja, usingoje kuona kama itapungua. Piga 999, sema neno "anafilaksisi". Mlaze chali na miguu juu, isipokuwa kama anapumua kwa shida, hapo akae. Asisimame wala asitembezwe. Dakika 5 zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Mfundishe na yule mjomba anayekaa karibu na mlango.

Wale mlioniuliza kuhusu ngano, kwa ufupi. Kama mtu wenu hawezi ngano au gluteni kabisa, msihangaike kuutengeneza mkate huu kwa unga wa mchanganyiko wa dukani. Pwani yetu ina mkate wa mchele tayari. Mkate wa kumimina ni mchele ulioroweshwa ukasagwa na tui, hamira na sukari, na vitumbua ni ndugu yake. Wapo wanaotia ute wa yai au kijiko cha unga wa ngano kwenye mkate wa kumimina, kwa hiyo muulize mpishi. Nitauandikia safu yake, tulieni. Na wa Muscat: mkate wa rakhal ni unga, maji na chumvi tu, lakini kwenye maduka ule ule uso wa chuma hupasuliwa mayai siku nzima. Pikeni nyumbani.

Futari ya kwanza ya mkate huu, Bibi aliumega, akautazama chini na juu, akauliza, "Huu ndiyo mkate wa nini sasa?" Kaka yangu akasema wa ufuta, bila ufuta. Bibi akasema hakuna kitu kama hicho duniani, huu ni mkate wa tui, na akaongeza kipande. Mpwa wangu alikaa kwenye mkeka kati ya binamu zake wawili na akalalamika kwamba wamemmalizia upande wenye nazi nyingi. Waligombana kidogo. Kiboksi kilibaki kwenye gari.

Siku hizi napika mafungu mawili kila Ijumaa, mikate minane. Ikipoa kabisa naitenganisha kwa karatasi ya kuokea, natia kwenye mfuko, jina la mtoto juu, naweka kwenye friza. Inakaa mwezi bila tatizo. Ukitaka kula, usiipashe kwenye maikrowevu, inakuwa kama mpira. Nyunyiza maji kidogo, tia kikaangoni kikavu, funika dakika mbili kila upande.